Kustaafia Jinja: maswali ya Wakenya na Watanzania wanaotaka kuhamia Uganda

Maswali haya huulizwa na watu waliokaribia kustaafu, wenye pensheni ya wastani, wanaotaka mji mtulivu wenye maji, hewa nzuri na barabara ya kurudi nyumbani. Jinja imetumika kama mfano. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa anayeelekea Entebbe, Masaka au Mbale, isipokuwa habari za ardhi, ambazo hubadilika kutoka eneo hadi eneo na zinahitaji kusomwa polepole.

Mimi ni raia wa Afrika Mashariki. Si naruhusiwa kuishi Uganda bila kibali?

Kuingia unaruhusiwa. Kuishi ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mkenya anaweza kuvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho chake cha taifa. Mtanzania anayepitia Mutukula aje na pasipoti. Mpakani unagongewa muhuri wa mgeni wa hadi miezi 6, bila kulipia viza.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatoa haki ya ukaazi kwa mfanyakazi, kwa aliyejiajiri na kwa wategemezi wao. Mstaafu hayumo. Hana mwajiri, hana biashara, na pensheni yake inatoka nchi nyingine. Kwa hiyo ule msemo wa "sisi sote ni Jumuiya" hautakusaidia mbele ya ofisa wa uhamiaji anayekuuliza unafanya nini nchini mwaka wa tatu huu.

Je, nikivuka Busia kila baada ya miezi 6 na kurudi siku hiyo hiyo?

Watu hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba kuingia na kutoka kwako kumo kwenye kompyuta, na ofisa ana uhuru wa kukupa siku chache kuliko ulizozoea au kukuuliza kibali. Muhuri ukikwisha ukiwa umelazwa hospitali, faini huhesabiwa kwa siku. Kwa kipindi cha majaribio, muhuri wa mgeni unatosha kabisa. Usijenge nyumba juu yake.

Basi nitumie kibali gani?

Kenya ina kibali cha daraja K kwa mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka bila kufanya kazi. Uganda haina daraja la namna hiyo, kwa hiyo mstaafu hupitia mojawapo ya milango iliyopo.

Ulio rahisi ni wa ndoa au wa utegemezi: mwenzi wako ni Mganda, au una mtoto mwenye kibali cha kazi Uganda ambaye kwa kweli anakutunza. Wa pili ni kibali cha kilimo au cha biashara, ambacho kinataka shughuli inayoonekana. Kuku 50 nyuma ya nyumba si shughuli. Kampuni iliyosajiliwa, yenye namba ya mlipakodi, hesabu na eneo la kazi, ndiyo shughuli. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kufutiana ada za vibali vya kazi, lakini kufutiwa ada hakumaanishi kufutiwa masharti. Mwisho kuna cheti cha ukaazi, ambacho huombwa na aliyeishi kihalali mfululizo miaka 10, au na aliyeoa au kuolewa na raia baada ya miaka 3. Kuna cha miaka 5, cha miaka 10 na cha maisha. Neno la kushika hapo ni "kihalali": miaka uliyokaa kwa mihuri iliyoungwaungwa itakuletea maswali.

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Idara ya Uraia na Uhamiaji. Anayekuambia umpe fedha taslimu akufanyie "ndani kwa ndani" mkimbie. Andaa pasipoti yenye muda wa kutosha, picha, cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi wa kwenu, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kinachothibitisha uhusiano, na barua ya maombi. Kinachokwamisha majalada mengi ni majina. Ukiwa Mohamed kwenye pasipoti, Muhammad kwenye cheti cha ndoa na M. kwenye barua ya pensheni, tengeneza kiapo cha majina kwa wakili ukiwa bado nyumbani, kabla ya kuomba chochote.

Raia wa Afrika Mashariki anaweza kununua ardhi Uganda?

Kwa milki ya kudumu, hapana. Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi, na sheria ya Uganda inasema asiye raia hupata ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mkenya na Mtanzania wamo kwenye kundi la wasio raia sawa na Mjapani. Ukodishaji wa miaka 5 au zaidi lazima usajiliwe.

Njia za mkato ni mbili na zote zina shimo. Ya kwanza ni kusajili kampuni: kampuni inayodhibitiwa na wasio raia nayo huhesabiwa si raia. Ya pili ni kuandika ardhi kwa jina la rafiki, shemeji au mchumba. Kisheria mwenye ardhi ni yule aliye kwenye hati. Akifa, warithi wake hawajui makubaliano yenu. Mkikosana, huna cha kumwonyesha hakimu zaidi ya ujumbe wa simu, na huenda ukawa umekiri kwamba ulikwepa sheria.

Kuna tofauti gani kati ya kutafuta kiwanja Jinja na kutafuta Njeru? Ni kuvuka daraja tu.

Ni daraja tu, lakini unavuka pia mfumo wa ardhi. Katiba ya Uganda inatambua milki za aina nne: ya kimila, ya kudumu, ya mailo na ya kukodi. Jinja iko Busoga, ambako mailo haipo. Njeru, ng'ambo ya Nile, iko wilaya ya Buikwe ndani ya Buganda, na huko mailo ipo.

Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Ugumu wake ni kwamba kipande kimoja kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeishi na kulima juu yake huku akilipa busuulu, yaani kodi ya ardhi kwa mwenye hati, kila mwaka. Ukikodishwa na mwenye hati bila kumalizana na mwenye kibanja, umechukua ardhi pamoja na watu wake, na sheria inawalinda. Ukinunua kibanja bila mwenye hati kujua, umenunua ugomvi. Bei ya kibanja huwa chini sana, na dalali hutaja bei hiyo bila kutaja neno "kibanja". Muulize moja kwa moja: hati ipo? Ni ya nani? Nani anakaa juu yake leo?

Upande wa Jinja una mtego wake. Majengo mengi mazuri ya zamani katikati ya mji, yale yenye veranda pana na miaka iliyoandikwa juu ya paa, yalikuwa ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Mali hizo ziliwekwa chini ya bodi maalumu ya serikali, na sheria ya 1982 ikaruhusu wenyewe au warithi wao kuzirudia. Baadhi zilirudishwa na nyingine bado zinavutaniwa mahakamani. Kama unataka kukodi au kupangishwa jengo la aina hiyo kwa miaka mingi, historia ya umiliki tangu 1972 iwe mezani kabla ya malipo.

Nikipata kiwanja, nifuate hatua zipi?

Anza na hati, ambayo kwa Kiganda huitwa ekyapa. Pata nakala, nakili namba zake, kisha wewe au wakili wako mkapekue rejesta kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, ambayo kwa Jinja iko mjini humo humo. Upekuzi unakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote lililowekwa. Ufanye tena siku chache kabla ya kulipa, maana zuio linaweza kuingia katikati.

Kisha mwite mpima ardhi aliyesajiliwa afungue mipaka na kutafuta mawe ya mipaka. Fanya hivyo mchana, majirani wakiwepo. Ukubwa utauzungumzia kwa desimali: desimali 100 ni ekari moja. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi, ingawa sokoni hutangazwa kuwa 12. Ukiambiwa 12 na mpima akakuta 9, bei ishuke au uondoke.

Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa mtaa. Muhuri wake si hati ya ardhi, na anayekuambia barua ya LC inatosha anakupotosha. Lakini mwenyekiti anajua nani anagombana na nani, nani alikwisha kuuza mara mbili, na kama mke wa muuzaji anajua. Hilo la mke ni la kisheria: ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea haiuzwi wala kukodishwa bila idhini ya mwenzi. Mchukue mwenzi asaini mbele ya wakili, kwa kitambulisho chake.

Lipa kwa benki kwa awamu. Ushuru wa stempu wa uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani, na thamani hiyo hukadiriwa na mthamini wa serikali. Kuandika bei ya uongo kwenye mkataba hakukupunguzii kitu, ila kunakunyima ushahidi wa ulichotoa.

Nataka kiwanja kinachotazama maji. Kuna ubaya?

Kuna eneo la hifadhi: mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka ukingo wa Nile. Kuwepo kwa nyumba za wengine ndani ya eneo hilo si ruhusa. Tena ziwa lenyewe halisomi ramani: mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilipita rekodi ya 1964, na nyumba za ufukweni zikaingiwa na maji. Chagua mwinuko. Mandhari ni yale yale, na mbu ni wachache.

Niuze nyumba yangu ya nyumbani ili nijenge Jinja?

Si mwaka wa kwanza. Panga kwanza miezi 12, au angalau 6 zinazojumuisha mvua za Machi hadi Mei, ndipo utakapojua kama barabara ya mtaa wako inapitika na kama paa linavuja. Nyumba ya nyumbani ipangishe. Waliouza haraka ndio hubaki wakijilazimisha kuupenda mji.

Unapopanga, angalia haya. Umeme ni wa kulipia kabla kwa mita ya Yaka, na tangu 1 Aprili 2025 msambazaji ni UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika. Jaribu kununua umeme wa fedha kidogo mbele ya mwenye nyumba. Ukipata yuniti chache kuliko kawaida, mita huenda ina deni la mpangaji aliyepita. Ankara ya NWSC, shirika la maji la taifa, nayo iombe kwa namba ya akaunti. Tafuta nyumba yenye tanki la akiba, choo cha kukaa na ngazi chache. Magoti ya miaka 62 si ya miaka 75. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi sana, kwa hiyo friji na runinga zipitie kifaa cha kuzuia mkupuo wa umeme, na wingu likiguruma chomoa plagi. Kodi ya nyumba haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka chini ya sheria ya upangaji ya 2022, ila uwe na mkataba wa maandishi wa kukutetea.

Pensheni yangu itanifikiaje, na itatosha?

Usihamishe akaunti inayopokea pensheni. Iache Kenya au Tanzania, kisha jitumie kiasi cha mwezi kwenda akaunti au simu ya Uganda. Laini yako ya nyumbani iwe hai daima, kwani benki hutuma namba za siri kwayo. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na kuifufua ukiwa ng'ambo ni mateso. Kumbuka pia kutoa fedha kwenye simu Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao. Kwa kodi ya nyumba na malipo makubwa, benki ni nafuu.

Uhakiki wa wastaafu ndio unaokata pensheni za watu wengi waliohama. Uliza mfuko wako, kwa maandishi, kama uhakiki unafanyika kwa simu, ubalozini, au lazima ufike mwenyewe, na uandike mwezi wake kwenye kalenda ya ukutani.

Kuhusu kutosha: hofia kubadilika kwa fedha kuliko bei ya matooke. Mwanzoni mwa 2020 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu shilingi 36 za Uganda. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka hadi karibu 24. Pensheni ya shilingi 40,000 za Kenya ikatoka kwenye milioni 1.44 hadi chini ya milioni moja, bila mstaafu kukosea lolote. Kwa hiyo pangia bajeti theluthi mbili tu ya thamani ya leo, na weka akiba ya miezi 6 kwa shilingi za Uganda.

Nitalipa kodi Uganda?

Ukikaa siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12 unahesabiwa mkaazi wa kodi, na mkaazi hutozwa kwa kipato cha popote. Habari njema ni kwamba pensheni imesamehewa kodi ya mapato Uganda. Kipato kingine hakijasamehewa. Ukipangisha vyumba Uganda kama mtu binafsi, unatozwa asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na gharama za ukarabati hazitolewi. Nyumba uliyoiacha Nairobi au Mwanza inatozwa kodi huko iliko. Hifadhi risiti zake, maana URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanaweza kuziulizia.

Matibabu je? Nina kisukari na presha.

Hili lingestahili kuwa swali la kwanza. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Kadi yako ya bima ya afya, iwe ya SHA ya Kenya au ya NHIF ya Tanzania, imefungwa kwenye hospitali za nchi yako, kwa hiyo ukiwa Jinja unalipa taslimu au kwa bima binafsi. Bima binafsi nyingi hazipokei mwanachama mpya aliyepita miaka 60 au 65, na ugonjwa uliokuja nao huwekewa kipindi cha kungoja. Ingia kabla hujastaafu. Uanachama wa nyumbani endelea kuulipia, kwani matibabu makubwa yanayoweza kusubiri ni afadhali ukayafanye huko.

Jinja ina hospitali ya rufaa ya mkoa na kliniki za kutosha kwa vipimo vya kila mwezi. Moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, saratani Taasisi ya Saratani hapo hapo Mulago, na usafishaji damu wa figo Kiruddu. Zote ziko Kampala. Ni kilomita 80, lakini barabara inapita Mabira, Lugazi na Mukono pamoja na malori yote ya Mombasa, na saa 2 hugeuka 4. Mwenye ugonjwa wa moyo usiotulia au anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki asikae Jinja. Akae Entebbe au pembeni mwa Kampala.

Njoo na dawa za miezi 3 na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si majina ya kibiashara, maana pakiti hubadilika mpakani. Cheti cha homa ya manjano ukishachanjwa kinadumu maisha. Kuhusu malaria, mtu aliyeishi Nairobi, Nyeri au Arusha miaka 30 hana tena kinga aliyokuwa nayo utotoni: lala ndani ya chandarua chenye dawa, na homa yoyote pima siku hiyo hiyo badala ya kumeza panadoli ukingoje. Kichocho kipo ziwani na kwenye Nile, hasa maji yaliyotulia kando ya majani wanakoishi konokono. Kutazama mto ni bure. Kuoga mtoni kuna gharama.

Nilete gari na vyombo vyangu?

Sheria ya forodha ya Jumuiya inamruhusu anayehamisha makazi kuingiza vyombo vya nyumbani vilivyotumika na gari moja bila ushuru, mradi gari hilo awe amelimiliki na kulitumia angalau miezi 12 kabla ya kuhama. Vyombo viingie ndani ya siku 90 tangu ufike. Andika orodha ya kila kitu, pamoja na namba za friji na runinga, na umtumie wakala wa forodha aliyesajiliwa. Gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa halikubaliwi. Kwa matembezi ya majaribio, njoo na namba za kwenu, kibali cha muda cha mpakani na bima ya gari ya kadi ya njano ya COMESA. Ruhusa ya kuliacha siku zote haimo humo.

Kitanda kizito kiache. Mafundi wa Jinja ni wazuri.

Kiswahili kitanitosha?

Sokoni, kambini, kwa madereva wa malori na katika mtaa wa Walukuba, ndiyo. Kiswahili kiliwekwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini katiba na jirani ni vitu viwili. Wazee wengi wanakihusisha na askari wa enzi za Idi Amin, kwa hiyo usianze nacho kwa sauti ya amri. Salamu ya Kisoga, "kodheyo", hufungua mlango, na "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke ni adabu inayotarajiwa. Ukitaka ugali, agiza posho.

Nikifia huko?

Andika wosia. Ardhi na majengo yaliyoko Uganda hurithiwa kwa sheria ya Uganda, popote ulipozaliwa. Wosia uwe wa maandishi, usainiwe mbele ya mashahidi wawili, na shahidi asiwe mrithi. Nakala moja abaki nayo wakili wa Jinja, nyingine ikae na mtoto aliye nyumbani.

Waambie mapema kama unataka kuzikwa Jinja au kurudishwa. Kusafirisha mwili kunahitaji hati ya kifo, cheti cha kutiwa dawa na barua ya ubalozi, na ofisi hizo hazifanyi kazi Jumapili. Mwislamu anayetaka kuzikwa siku hiyo hiyo azungumze na msikiti wa mtaa wake akiwa mzima, aonyeshwe makaburi, na awaachie namba ya ndugu wa kupigiwa simu.